Maji ya Mzima Hulindwa Chyulu

Hotuba kwa waongoza watalii na walimu wanaosimamia safari za wanafunzi

Wazee wetu, walimu, waongoza watalii na vijana wa vyuo, hamjambo nyote.

Tumeitwa tuzungumze nanyi juu ya chemchemi za Mzima kabla hamjaanza kupeleka vikundi huko. Mkisahau mengine yote, tunaomba mkumbuke hili moja: maji yale hayaanzii Mzima. Yanaanzia vilima vya Chyulu, mwendo wa kilomita zipatazo 50 upande wa kaskazini, na Mzima ni mlango wa kutokea tu. Mwongozaji akisimama ukingoni, akawaonyesha wageni viboko, mamba na samaki, kisha akaondoka bila kuinua mkono kuelekeza Chyulu, amewaonyesha nusu ya kitu.

Mzima iko ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Tsavo Magharibi, kilomita 48 hivi kutoka lango la Mtito Andei. Tsavo ilitangazwa kuwa mbuga mwaka 1948, na baadaye ikagawanywa Mashariki na Magharibi ili iweze kusimamiwa. Nchi yote inayoizunguka Mzima ni nyika: vumbi jekundu, vichaka vya miiba, mibuyu, na mito mingi ambayo ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kisha ghafla unakuta mikuyu mikubwa, mikindu, miwale na mafunjo, na maji maangavu kiasi kwamba unahesabu mawe ya chini. Mgeni huuliza mara moja: yametoka wapi? Jibu lake linahitaji kuelezwa taratibu.

Chyulu ni safu ya volkeno, na kwa hesabu ya umri wa ardhi ni changa mno. Ule mtiririko mweusi wa lava (mwamba ulioyeyuka ukaganda) uitwao Shetani, karibu na lango la Chyulu, ni wa karne ya 19 au karibu na hapo. Bado mimea imeushika hapa na pale tu. Vilele vya juu vinapita mita 2,100. Mvua hunyesha huko, na ukungu hulala juu ya msitu asubuhi nyingi. Lakini tembea Chyulu kutoka mwanzo hadi mwisho, hutakuta mto unaotiririka mwaka mzima. Majivu na lava vimejaa matundu, nyufa na mapango. Pango la Leviathan peke yake lina urefu wa zaidi ya kilomita 11. Tone likianguka linazama. Linashuka hadi linapokuta mwamba wa kale ulio chini ya lava, mwamba mgumu usiopitisha maji. Hapo haliwezi kushuka tena, kwa hiyo linafuata mteremko wa mwamba huo, chini kwa chini. Tabaka la lava linapokuwa jembamba au kuisha, maji hukosa pa kwenda ila juu. Mzima ni mahali pa namna hiyo. Si pekee: chemchemi za Umani karibu na Kibwezi, na nyingine za upande wa Makindu, zinanyweshwa na vilima hivyo hivyo.

Msitu ulio juu una kazi mbili, na mara nyingi watu hutaja moja tu. Ya kwanza inajulikana: mizizi na majani makavu hupokea mvua polepole ikazama badala ya kuchubua udongo. Ya pili ni ukungu. Miti ya juu imevaa ndevu za kijivujivu na mimea midogo inayoota kwenye magome, na ukungu unapopita hugandia humo na kudondoka kama mvua ya pili. Ukungu ukipita juu ya nyasi fupi au ardhi iliyoungua, sehemu kubwa inaenda zake. Kwa hiyo anayekata mti wa kilele cha Chyulu kwa ajili ya makaa anaondoa kivuli, na pamoja nacho anaondoa chombo cha kukingia maji.

Mtasikia ikisemwa kwamba maji hukaa ardhini miaka 25 kabla ya kutokea Mzima. Ni makadirio, na yanafaa kutajwa, ila yanapotosha yasipofafanuliwa. Huo ni umri wa tone lenyewe; sio muda ambao chemchemi inachukua kuhisi mvua au ukame. Bomba likiwa limejaa, ukiongeza maji upande mmoja yanatoka upande wa pili papo hapo, na yanayotoka si yale uliyoyaongeza. Hifadhi ya maji chini ya Chyulu hufanya vivyo hivyo: msukumo husafiri haraka kuliko tone. Ndiyo maana miaka mibaya ya mvua inaweza kupunguza mtiririko mapema kuliko ile miaka 25. Lakini uchafu unasafiri pamoja na tone. Kilichomwagwa leo kinaweza kuchelewa sana kufika, na kikishafika kitachelewa vilevile kwisha. Waelezeni wanafunzi tofauti hiyo. Wakiielewa, wameelewa maji ya ardhini popote duniani.

Tukiwa hapo, tuliweke sawa neno “kuchujwa”. Majivu ya volkeno huchuja tope vizuri sana, ndiyo sababu ya uangavu ule. Lakini lava yenye nyufa na mapango si chujio la vijidudu wala la kemikali. Maji yanaweza kupita kwenye ufa mpana bila kuguswa na chochote. Dawa ya kuogeshea mifugo, mafuta ya gari au choo kilichochimbwa juu ya nyufa ni hatari hata kama kiko mbali na bwawa. Uangavu si ushahidi wa usalama, na mtu asichote maji ya Mzima akanywa kwa sababu yanang'aa.

Sasa kiasi. Mtakuta takwimu zinazopishana: wengine wanaandika lita milioni 220 hivi kwa siku, wengine wanafika milioni 300. Msishangae. Mtiririko hubadilika kwa miaka, na wapimaji hawakusimama mahali pamoja. Kuna macho kadhaa ya chemchemi, na maji mengine hupenya chini bila kuonekana. Sisi tunashauri mseme “zaidi ya lita milioni 200 kwa siku” na muishie hapo. Ukitaka ieleweke, igawe kwa sekunde: ni zaidi ya lita 2,300 kila sekunde. Boza la lita 10,000 lingejaa kwa sekunde nne hivi.

Maji yakishatokea hupita mfululizo wa mabwawa yaliyounganishwa na maporomoko madogo. Bwawa la juu, lile refu, ndilo linalopendwa na viboko. La chini, lililo pana, mamba hulipenda zaidi. Umbali wa kilomita mbili hivi kutoka kwenye chemchemi, ulimi wa lava iliyoganda unaziba njia, na kijito kinazama tena ardhini. Hatimaye maji hayo yanaingia Mto Tsavo. Hapa kwenye mabwawa tukae kidogo, maana ndipo wageni wanapotumia muda wao, na ndipo maelezo mengi hukosewa.

Maji yaliyopita kwenye majivu yanakuja maangavu na pia yanakuja na njaa: yana chakula kidogo sana cha viumbe. Kijito kama hicho kikiachwa peke yake kingekuwa na samaki wachache. Anayekilisha ni kiboko. Usiku hutoka majini, hutembea kilomita kadhaa, hula nyasi zipatazo kilo 40, kisha alfajiri hurudi na kuzitoa majini kama samadi. Wadudu wa majini na konokono hula samadi hiyo, samaki huwala wadudu, na wengine huila samadi moja kwa moja. Samaki wa jamii ya ningu utawaona wakiparuza ngozi ya kiboko, wakila ukoga uliomshika. Mnandi, mbizi, kulastara na mdiria hula samaki. Mamba anakula anachokipata. Juu ya hayo, mikuyu huangusha matunda, na kima na tumbili wakila juu huangusha mengine zaidi. Kwa maneno mengine, chakula cha Mzima hutoka nchi kavu, na mchukuzi mkuu ni kiboko.

Hilo linaeleza kilichotokea katika ukame wa mwaka 2009. Viboko wengi wa Mzima walikufa, na watu wakashangaa, kwa sababu maji yalikuwepo. Hawakufa kwa kiu. Walikufa kwa njaa. Nyasi zilizo ndani ya mwendo wa usiku mmoja zilikuwa zimekwisha, na kiboko hawezi kwenda mbali halafu akashikwa na jua, kwa maana ngozi yake hukauka na kupasuka. Kwa hiyo mabwawa hayatoshi. Uwanda wa malisho unaoyazunguka ni sehemu ya chemchemi, na mifugo mingi ikiingia mbugani wakati wa kiangazi, inashindana na kiboko kwa nyasi zile zile za karibu. Tunalisema hili tukijua kwamba mfugaji naye ng'ombe wake wanakufa. Ila njia ya kumsaidia mfugaji ni kumtafutia malisho na maji mapema, nje ya uwanda huo, kabla hali haijawa mbaya.

Kuna upande wa pili wa samadi. Viboko wengi katika maji yaliyotuama huchafua kiasi kwamba samadi inaoza, hewa ndani ya maji inakwisha, na samaki wanakufa kwa wingi. Imeshuhudiwa katika Mto Mara, pale mabwawa ya viboko yanaposombwa na mafuriko na maji yake yasiyo na hewa kushuka chini ya mto. Mzima imeepuka hali hiyo kwa sababu ya mtiririko: maji mapya yanaingia wakati wote, usiku na mchana, na kuondoa uchafu. Mtiririko huo ndio mfagizi wa mabwawa. Ukiupunguza, unapunguza maji na unapunguza pia uwezo wa mabwawa kujisafisha. Shikeni hilo, kwa sababu sasa tunakwenda kwenye bomba.

Bomba la Mzima hadi Mombasa lilijengwa katika miaka ya 1950. Lina urefu wa kilomita zipatazo 220, na uwezo wake ni takriban mita za ujazo 35,000 kwa siku, yaani lita milioni 35. Kwa sekunde ni kama lita 400. Ukilinganisha na takwimu tulizotaja, linachukua kati ya asilimia 12 na 16 ya maji yanayotoka. Fahari yake kubwa ni kwamba maji hushuka kwa mserereko. Mzima iko zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, Mombasa iko baharini, na hakuna pampu inayohitajika kuyasukuma njia nzima. Umeme ukikatika, bomba haliulizi.

Lakini mserereko una gharama yake. Kila mita 10 za kushuka huongeza presha ya karibu ba moja (ba ni kipimo cha presha). Maji yakiachwa yashuke mita 600 bila kukatizwa, presha ya chini ingekaribia ba 60, na vali nyingi za kawaida za majumbani zimetengenezwa kwa ba 10 hivi. Ndiyo maana mabomba ya namna hii huwekewa matangi ya kuvunja presha: maji yanaingia tangini, yanatulia hewani, kisha yanaanza safari upya. Kwenye vilele vya njia huwekwa vali za kutoa hewa, la sivyo hewa hujikusanya na kuziba njia kama kizibo. Kwenye mabonde huwekwa vali za kumwaga tope. Vali kubwa haifungwi kwa pupa. Ikifungwa ghafla, uzito wa maji yanayokimbia hugonga na kupasua bomba mahali pengine kabisa, na fundi akashangaa kwa nini pamepasuka pale ambapo hapana kasoro.

Yanayoharibika katika bomba la umri huu ni mambo yanayotabirika. Chuma huliwa na kutu. Maungio hulegea. Watu hutoboa wajiungie wenyewe, na tatizo haliishii kwenye maji yaliyoibwa: presha ikishuka, tundu lile lile hunyonya maji machafu ya nje na kuyaingiza ndani. Tembo wenye kiu hunusa maji na kung'oa bomba lililo karibu na uso wa ardhi, hasa kiangazi. Mahali tembo wanapopita, bomba lifukiwe kwa kina na mivujo izibwe upesi, kwa sababu mvujo mdogo ndio unaomwonyesha tembo kwamba kuna maji. Kwa usafi, maji ya chemchemi angavu huhitaji klorini, dawa ya kuua vijidudu, zaidi ya kitu kingine. Yanapofika kwenye mfereji wa mtumiaji yanatakiwa yawe bado na klorini ya miligramu 0.2 hivi kwa lita au zaidi kidogo. Isipopatikana hata chembe, kuna kitu kimeingia njiani.

Wenyeji wa Taita Taveta wamelalamika kwa miaka mingi kwamba maji yanatoka kwao na kupita karibu na nyumba zao kwenda Mombasa, na wao wanabaki na ndoo tupu. Tunaona wana haki. Bomba linalopita kwa watu wenye kiu bila kuwapa kituo cha maji linajitafutia watoboaji, na fedha zinazotumika kuziba matundu kila mwaka zingefaa kujenga vioski vyenye mita. Mombasa nayo haina ujanja. Mahitaji yake yanazidi mara kadhaa kile bomba la Mzima linacholeta, na vyanzo vyake vingine ni visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, chemchemi za Marere huko Shimba Hills na visima vya Tiwi.

Hapo kwenye Baricho pana jambo linalosahaulika. Maji ya Mzima yasiyoingia bombani huingia Mto Tsavo. Tsavo hukutana na Athi, unakuwa Galana, na unapokaribia bahari unaitwa Sabaki. Visima vya Baricho hunyonya maji kutoka kwenye mchanga wa mto huo huo. Kiangazi, Athi ya juu inapokuwa imepungua, maji ya Tsavo ndiyo yanayousaidia mto usikauke. Kwa hiyo Pwani inakunywa Mzima mara mbili: mara moja kwa bomba, mara ya pili kwa mto. Na katikati, mto huo unanywesha wanyama wa Tsavo Mashariki na wakulima walio kando yake hadi karibu na Malindi.

Ndiyo sababu mpango wa bomba la pili, ambao umezungumzwa kwa miaka mingi, tunauangalia kwa uangalifu. Kiasi kilichotajwa ni takriban mita za ujazo 105,000 kwa siku. Jumlisha na bomba la kwanza, zinakuwa 140,000, yaani lita milioni 140. Ukichukua takwimu ya juu ya mtiririko, hiyo ni karibu nusu ya Mzima. Ukichukua ya chini, ni karibu theluthi mbili. Tofauti kati ya nusu na theluthi mbili si ndogo, na inatokana na kutojua hasa kinachotoka. Hatusemi bomba lisijengwe kamwe. Tunasema mtiririko upimwe kila siku, miaka mfululizo, mibaya na mizuri, na matokeo yawekwe wazi. Kiasi cha lazima cha mabwawa na mto kitengwe kwanza, kwa hesabu ya mwaka mkavu kuliko yote iliyopimwa. Halafu ndipo tujue kama kuna ziada. Na kabla ya hapo, mivujo ya bomba la kwanza izibwe, kwa sababu maji yaliyookolewa njiani hayahitaji kuchukuliwa Mzima.

Kupima si kazi ya wahandisi peke yao. Msilijaribu hili Mzima, kwa sababu ya mamba na viboko. Fanyeni kwenye chemchemi na vijito vya kwenu, vilivyo salama. Chemchemi ndogo inayotoka kwenye bomba au mfereji ipimwe kwa ndoo ya lita 20 na saa. Ikijaa kwa sekunde 8, ni lita 2.5 kwa sekunde, sawa na lita 216,000 kwa siku. Rudieni mara tatu, mchukue wastani.

Kijito kikubwa zaidi kinapimwa kwa kielea. Tafuteni sehemu iliyonyooka, isiyo na mawe wala mizunguko ya maji, urefu wa mita 10. Pimeni upana, halafu kina katika sehemu tano kwenda ng'ambo, mpate wastani. Tupeni chungwa juu kidogo ya alama ya kwanza ili lishike kasi ya maji kabla ya kufika hapo. Chungwa linafaa kuliko kijiti kwa sababu huelea likiwa limezama karibu lote, upepo haulisukumi. Hesabuni sekunde hadi alama ya pili. Kasi ya juu ni kubwa kuliko ya chini, kwa hiyo izidisheni kwa 0.85. Mfano: upana mita 2, kina cha wastani mita 0.3, eneo ni mita za mraba 0.6. Chungwa limetumia sekunde 20 kwa mita 10, kasi ni mita 0.5 kwa sekunde, mara 0.85 ni 0.425. Zidisha na eneo: mita za ujazo 0.255 kwa sekunde, yaani lita 255. Makosa ya kawaida ni kupima kina katikati tu, ambako ni kirefu, na kupima siku ya mvua. Pimeni tarehe ile ile ya kila mwezi, mahali pale pale, na muandike. Shule iliyo na daftari la miaka kumi ya chemchemi moja ina kitu ambacho ofisi nyingi hazina, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji au jumuiya ya watumiaji maji ya eneo lenu wataona faida ya kulisoma.

Tumalizie na ziara yenyewe. Malipo ya mbuga hufanywa kwa mtandao kabla ya kufika. Msitegemee fedha taslimu langoni. Vikundi vya wanafunzi viandike barua mapema kwa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi ndani ya mbuga: chupa za maji, vikombe, sahani, vijiko, mirija. Kila mtu awe na chupa yake ya kujaza tena, lita mbili angalau.

Mzima ni mojawapo ya mahali pachache Tsavo ambapo mtu huruhusiwa kushuka garini na kutembea. Tembeeni na askari wa KWS, yeye mbele, mtu mzima mmoja nyuma kabisa, watoto katikati. Tunapendekeza watu wasiozidi 15 kwa msafara mmoja. Wakizidi, wa nyuma hawasikii onyo. Kaeni mita tano kutoka majini, na pasiwe na mtu anayeinama kunawa mikono, kwa sababu mamba hungoja hasa mnyama aliyeinamia maji. Kiboko aliye nchi kavu msimzibe njia ya kurudi majini. Siku za mawingu na miezi ya njaa hubaki nje muda mrefu zaidi, kwa hiyo siku yenye ubaridi mzuri wa kutembea ndiyo ya kuwa macho zaidi. Akipanua kinywa kama anapiga miayo, anatisha; rudini nyuma kwa utulivu, mwende upande, nyuma ya shina nene la mti, na kamwe msikimbilie upande wa maji. Chakula kibaki garini, vioo vimefungwa, kwani tumbili wa pale wanajua mikoba. Anayewalisha anawafundisha kunyang'anya watoto wa kikundi kinachofuata.

Chumba cha kutazamia chini ya maji ni cha mviringo, na madirisha yake yako ndani ya bwawa. Ingieni wachache wachache. Saa bora ni kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana, jua likiwa juu, kwa sababu mwanga wa pembeni hauzami vya kutosha. Subirini dakika tano bila kugonga kioo wala kupiga kelele. Macho yazoee giza, na samaki warudi. Msiwaahidi wageni kumwona kiboko dirishani. Hutokea mara chache, na aliyeahidiwa kiboko huondoka bila kuwaona samaki.

Mkiweza, piteni Shetani kabla ya Mzima, ili wageni waguse lava ile yenye matundu kwa mikono yao kisha ndipo waone maji. Mpangilio huo hufupisha maelezo kuliko ramani yoyote. Kasi ya mbugani haizidi kilomita 40 kwa saa, kwa hiyo kutoka Mzima hadi Mtito Andei ni saa moja na robo bila kusimama, na hakuna kikundi kisichosimama kwa tembo. Lango hufungwa saa kumi na mbili jioni. Saa tisa na nusu wote wawe wameshahesabiwa garini.

Tunapokea maswali sasa, na walimu watangulie.